Akitoka Gerezani, Atarudi na Nini?

Wasomaji wapenzi, yafaa niwaambie tangu mwanzo kwamba habari ya leo si tamu. Ni habari ya magereza. Najua baadhi yenu mkiliona neno hilo mtataka kufunua ukurasa wa pili, mkisema, "Kwetu hakuna mfungwa." Tafadhali msifunue bado. Mfungwa hana kabila lake peke yake wala kijiji chake peke yake. Ni mtoto wa mtu, naye siku moja atarudi kwa mtu huyo.

Asubuhi moja ya masika, kabla sijafungua dirisha la ofisi ya parokia hapa Mazimbu, nilimkuta mama mmoja ameketi barazani. Miguu yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu wa mlimani, na kando yake palikuwa na tenga la ndizi alilolishusha tangu alfajiri. Aliponiona alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Karani, mwanangu, hebu nisomee hii."

Ilikuwa barua ya kijana wake. Alikuwa amefungwa miaka mitatu kwa kosa la wizi, na sasa alimjulisha mamaye kwamba amehamishwa kutoka mjini kwenda gereza la shamba katika mkoa mwingine, kwa sababu mjini pamejaa na huko shambani watu wa kulima wanahitajiwa.

"Ni mbali kiasi gani?" akaniuliza.

"Mama, ni safari ya siku nzima, na mabasi mawili."

Akalitazama tenga lake, akahesabu kwa vidole. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi matenga manne kama lile. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza neno ambalo halijanitoka moyoni hata leo: "Na huko wanamfundisha nini? Akitoka, atarudi na nini?"

Siku ile nilimjibu maneno ya kumtuliza tu. Leo, ndugu msomaji, nataka tulitafute jibu pamoja.

GEREZA MOJA KWA WILAYA NYINGI

Pengine utasema, dawa ni rahisi: kila wilaya ijengewe gereza lake, na kila mtu afungwe karibu na kwao. Lakini tutazame hesabu. Tanzania Bara ina wilaya 139, na magereza yake yanazidi kidogo 120. Wala hayo hayakugawanywa moja kwa kila wilaya. Sisi wa Morogoro twaweza kushuhudia. Hapa mkoani petu wengi mmeyasikia majina ya Kihonda, Kingolwira, Mkono wa Mara, Mtego wa Simba, Wami, Mbigiri, Kilosa, Kiberege na Idete. Zipo wilaya nyingine nchini ambazo hazina hata moja, na watu wao hupelekwa kwa jirani.

Sababu yake ni ya zamani. Magereza ya mashamba yalifuata ardhi, hayakufuata watu. Palipokuwa na bonde pana, maji na njia ya kupitisha mazao, ndipo palipowekwa gereza. Kingolwira yetu, iliyo kando ya barabara ya kwenda Dar es Salaam, ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1930 kama gereza la shamba lisilo na kuta, wafungwa wakilima mchana na kulala bila ya boma refu. Wakati ule lilikuwa jambo geni, na wageni walikuja kulitazama.

Basi, kuchangia gereza si jambo jipya kwetu. Tumelifanya miaka mingi bila kulipangia. Na kwa kweli kuchangia kuna faida. Tuseme wilaya moja ina wafungwa 40. Je, itaweza kumwajiri mwalimu wa useremala, na mwingine wa ushonaji, na mganga, na kununua mashine za karakana kwa ajili ya watu 40? Haiwezi. Itawajengea kuta nne na kuwalisha ugali, basi. Lakini wilaya nne zikikusanya watu 160 mahali pamoja, karakana moja yatosha, zahanati moja yatosha, na mwalimu hakai bure. Ni kama vijiji vinavyochangia shule moja ya sekondari. Hakuna kijiji kinachoona haya kwa hilo.

Jirani zetu wa Uganda walijifunza hayo kwa shida. Kwa miaka mingi serikali zao za wilaya zilikuwa na magereza yao wenyewe, mbali na yale ya serikali kuu, na mengi yalikuwa maskini mno. Kwa sheria ya mwaka 2006 yote yalitiwa chini ya idara moja ya taifa.

Hata Marekani, nchi tajiri, maeneo ya mashamba yamepambana na jambo hilo hilo. Katika jimbo la West Virginia, nchi ya milima kama Uluguru yetu, kila kaunti ilikuwa na jela yake, nyingi mbovu na za kizamani. Mwaka 1985 wakaunda mamlaka ya jela za pamoja, kila moja ihudumie kaunti kadhaa, na kila kaunti ilipe kiasi fulani kwa kila mtu wake kwa kila siku anayolala humo. Jela zikawa bora. Lakini kaunti ndogo zikaona kwamba ankara haina mwisho: kila anayekamatwa na kukawizwa kesi yake ni deni linalokua usiku na mchana. Nyingine zikashindwa kulipa. Funzo lao ni hili: nyumba ya pamoja hupunguza gharama ya kuta, lakini haipunguzi watu waliomo. Asiyepunguza watu atajenga mpaka achoke.

UMBALI NAO UNA BEI

Sasa turudi kwa yule mama na tenga lake. Gereza la pamoja lina faida, lakini mtu lazima ailipe faida hiyo kwa umbali. Na anayelipa si serikali peke yake.

Yatupasa kwanza kutenganisha watu wawili ambao sisi vijijini huwachanganya. Kuna mfungwa, yaani mtu aliyekwisha hukumiwa. Na kuna mahabusu, mtu anayengoja kesi yake, ambaye mbele ya sheria bado hana hatia. Magereza yetu nchini yana nafasi zisizofika 30,000, na mara nyingi waliomo wamezidi hesabu hiyo. Kwa miaka mingi karibu nusu yao wamekuwa mahabusu. Ndiyo maana viongozi wamelazimika kufungua milango mara kwa mara: tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533, na tarehe 26 Aprili 2021 Rais Samia akawasamehe 5,001. Msamaha ni jambo jema. Lakini msamaha humhusu aliyehukumiwa. Mahabusu hubaki akingoja.

Huyu mahabusu ndiye asiyefaa kuwekwa mbali. Siku ya kesi yake lazima aletwe mahakamani. Karandinga likikosa mafuta, au likiharibika njiani, au daraja likichukuliwa na mvua, kesi huahirishwa. Mashahidi waliotoka mlimani kwa nauli yao hurudi bila kusema neno. Mara ya tatu hawaji tena. Naye aliye ndani huongezewa miezi kwa kosa la gari.

Kwa hiyo, anayepanga magereza ya pamoja yafaa afuate mpango wa nyumba mbili. Karibu na kila mahakama ya wilaya pawepo nyumba ndogo, safi, ya mahabusu na ya vifungo vya miezi michache. Nyumba kubwa ya pamoja, yenye karakana na shamba, iwe ya wenye vifungo virefu, nayo ijengwe mahali ambapo basi la kawaida hufika. Hayo siyasemi kwa huruma tu. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwatunza wafungwa, zikapewa jina la Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 59 yasema kwamba, kwa kadiri iwezekanavyo, mfungwa awekwe karibu na nyumbani kwake au mahali atakapoishi akitoka. Asiyetembelewa husahau kwamba ana kwao.

KAZI YA NAMNA GANI?

Watu wengi husema, "Mfungwa afanye kazi, asile bure." Nami nakubali. Katiba yetu haihesabu kuwa kazi ya shuruti kazi inayotokana na hukumu ya mahakama. Mwezi Julai 2018, Rais Magufuli alipokuwa akimwapisha Kamishna Jenerali mpya wa Magereza, alisema ni aibu kwa nchi kuendelea kuwalisha wafungwa wenye nguvu, nao wajilimie. Tangu hapo mashamba mengi yalitiwa bidii, na si vibaya mtu kula jasho lake.

Lakini swali la mama lilikuwa jingine. Hakuuliza mwanawe atakula nini kifungoni. Aliuliza atatoka na nini.

Waluguru mnaosoma haya mnayo kumbukumbu ya kazi ya lazima. Kati ya mwaka 1950 na 1955 serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa mlima wachimbe matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Upande wa Matombo watu waliona jasho tu, mavuno hawakuyaona. Mwaka 1955 wakakataa, pakawa na ghasia, na mtu akapoteza maisha. Mpango ukafa. Lakini ukienda Mgeta leo utayaona matuta ya ngazi yamepangwa mlima mzima, yana kabeji, karoti na njegere, na hakuna askari anayeyasimamia. Mbona? Kwa sababu pale mtu aliona mboga zake zikienda sokoni na fedha ikirudi mfukoni mwake. Jembe ni lile lile na mlima ni ule ule, ila hapa mwenye jembe amejua analimia nini.

Ndivyo ilivyo kwa mfungwa. Kazi isiyomwachia kitu humfundisha jambo moja tu, kwamba kazi ni adhabu. Akitoka ataikimbia kama alivyoikimbia adhabu. Lakini kazi inayomwachia ufundi mikononi na akiba kidogo humfundisha kwamba mkono wake waweza kumlisha bila kuiba.

Kanuni zile za Mandela zinalieleza jambo hili wazi. Kanuni ya 99 yasema faida ya fedha kutokana na kazi za gerezani isitangulizwe mbele ya manufaa ya mfungwa na mafunzo yake. Kanuni ya 103 yataka apate ujira wa haki, sehemu moja aitumie, sehemu awapelekee jamaa zake, na sehemu iwekwe akiba apewe siku ya kutoka. Tena Mkataba wa mwaka 1930 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanganyika iliukubali mwaka 1962, unakataza mfungwa kuazimwa kwa mtu binafsi au kampuni binafsi kama jembe la kukodi. Makatazo hayo si ya bure. Mwaka 2011 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichunguza magereza ya Uganda, likaeleza habari za wafungwa, na hata mahabusu, waliotolewa kulima mashamba ya watu binafsi na ya askari wenyewe, wagonjwa nao wakiwamo.

Kwetu nchini iko misingi mizuri ya kujengea. Magereza yana shirika lake la uzalishaji lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1974. Lipo shamba la umwagiliaji la Idete. Mjini Moshi, Gereza la Karanga limekuwa likitengeneza viatu, na sasa pana kiwanda kikubwa cha ngozi kwa ubia na mfuko wa hifadhi ya jamii. Mbeya iko Ruanda, ambako wafungwa hufundishwa ufundi. Mkoani petu, kwenye ardhi ya gereza la Mbigiri, NSSF na Magereza wameungana kuanzisha kilimo cha miwa na kiwanda cha sukari cha Mkulazi, ambacho Rais Samia alikizindua mwaka 2024. Hayo yote ni mali ya umma, nasi twafurahi kuyaona. Ila kila tukihesabu magunia, jozi za viatu na tani za sukari, tuhesabu na jambo la pili: ni wafungwa wangapi waliotoka na cheti cha ufundi na fedha ya kununulia randa na nyundo?

Hapa Mazimbu tunalo fundisho karibu na mlango. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge lililokuwa hapa. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa katika gereza la Pretoria mwaka 1979. Kando ya shule wakaweka mashamba na kiwanda cha samani, wakakiita kwa jina la Vuyisile Mini, aliyenyongwa huko huko mwaka 1964. Watu wale walijua kifungo ni nini. Hata hivyo hawakukaa wakilia. Walisoma na kushika randa, kwa sababu walijua siku moja watarudi kwao, na anayerudi mikono mitupu ni mzigo. Mwaka 1992 waliturudishia mahali hapa, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

KIFUNGO KISICHO NA KUTA

Nimesema kwamba asiyepunguza watu atajenga mpaka achoke. Njia ya kupunguza ipo, tena ni ya kisheria, lakini vijijini wengi hawaijui. Tangu mwaka 2002 tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, hakimu aweza kuamuru mkosaji asiende gerezani, bali afanye kazi ya umma bila malipo kwa saa alizopangiwa, huku akilala kwake na kulima shamba lake. Iko pia sheria ya parole ya mwaka 1994, ambayo kwayo mfungwa mwenye mwenendo mzuri, akiwa ametumikia theluthi moja ya kifungo chake, bodi yaweza kumfikiria amalizie kifungo nje, kwa masharti.

Fikiri, ndugu msomaji. Kijana ameiba mikungu miwili ya ndizi. Ukimpeleka gerezani miezi sita, serikali itamlisha, mkewe atakosa wa kulima, watoto watakosa daftari, naye atalala karibu na wezi waliobobea. Ukimweka afyatue matofali ya nyumba ya mwalimu kijijini, kijiji kimepata nyumba, aliyeibiwa ameona haki, na mkosaji amekula chakula cha mkewe. Hilo nalo ni gereza la pamoja, ila halihitaji ukuta.

Lakini hakimu hawezi kuamuru hivyo kwa ndoto. Humtuma afisa kuuliza kijijini: mtu huyu ni wa namna gani, ana makao, jamaa watamsimamia? Hapo ndipo sisi huharibu. Wengine husema, "Mchukueni, tumechoka naye," kwa hasira ya siku moja. Wengine humficha kwa undugu na kumsifu kwa uongo. Yote mawili ni makosa. Semeni kweli, na mkiweza kumsimamia, semeni hivyo.

SISI NASI TUFANYE NINI?

Mipango ya kujenga magereza hufanywa na wakubwa. Lakini yako mambo matatu ambayo hayangoji serikali.

La kwanza, mtunzieni aliyefungwa ardhi yake. Kwetu Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa. Ninyi wajomba, kijana akifungwa msigawane shamba lake kama la marehemu. Anayerudi akakuta migomba yake ina mwenyewe mwingine, mnadhani atakwenda kulala wapi?

La pili, mwandikieni na mtembeleeni. Kuwatazama wafungwa ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu katekisimu, nalo halikuandikiwa mapadre na masista peke yao. Kama nauli ni kubwa, jumuiya ndogo yaweza kuchanga ili mama mmoja aende badala ya wote. Asiyejua kuandika na aje kwa karani wa parokia yake. Kazi hiyo haina malipo.

La tatu, diwani au mbunge akija kuwaambia kwamba wilaya zitajenga gereza la pamoja, msipige makofi tu wala kuzomea tu. Muulizeni maswali matatu: Mahabusu wetu watakaa wapi siku za kesi? Basi la kawaida linafika hapo? Na kijana wetu akitoka, atarudi na nini?

Yule mwana wa mama alirudi. Kwa mwenendo mzuri alisamehewa theluthi ya kifungo, kama sheria inavyoruhusu, akarudi baada ya miaka miwili, na nauli ndiyo iliyokuwa mali yake yote. Nilimwona alipokuja na mamaye kunishukuru kwa zile barua. Nikamwuliza amejifunza nini huko. Akasema, "Mwalimu, nimejifunza kupanda mahindi nyuma ya trekta."

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. Wote watatu tuliutazama mlima, ambao trekta haijapata kuupanda tangu kuumbwa kwake.

Sasa kijana huyo yuko kwa fundi seremala mmoja bondeni, anajifunza kupiga randa pamoja na wavulana waliomaliza shule juzi. Ana miaka 28. Fundi anasema mkono wake ni mzuri, na kwamba angaliuanza ufundi huu miaka miwili iliyopita, leo angalikuwa na meza yake mwenyewe.